Spacio, baridi ya Njombe na taa ya injini isiyozimika

Gari ni Toyota Corolla Spacio ya 2002, chasisi ZZE122, injini 1ZZ-FE ya cc 1,794, gia otomatiki. Dashibodi inasoma kilomita 214,000 na ushee, kwa anayeamini dashibodi za mtumba. Kasoro ni moja: taa ya njano ya injini inawaka, inafutwa, inarudi. Nitaandika kila hatua ikikamilika pamoja na bei yake, kwa sababu Spacio ziko nyingi barabarani na ushauri wa kijiweni ni mwingi kuliko Spacio zenyewe.

30 Aprili 2023: Taa imewaka

Imewaka asubuhi nikielekea shuleni, injini ikiwa bado ya baridi. Kwenye usukani tofauti ni ndogo. Dakika za mwanzo silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, kisha inatulia na gari linakwenda vizuri tu. Mlimani nguvu ipo, moshi hakuna. Mafuta huenda linakula zaidi kidogo, ila si kwa kiasi ambacho ningekiapia mahakamani.

Kijiwe cha mafundi kilitoa hukumu boneti likiwa bado limefungwa. Mmoja alisema mafuta yamechakachuliwa. Mwingine akasema pampu ya mafuta. Wa tatu, mzee anayeheshimika hapo, alisema, "Mwalimu, huku ni juu sana, hewa nyepesi. Hizi gari hazikutengenezewa milima." Nimeyaandika yote matatu ili niyapime moja moja.

Angalizo kwa anayenunua gari la zamani: ukizungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, taa hii lazima iwake yenyewe. Isipowaka, huenda kuna mtu ametoa balbu au amebandika kitu mbele yake, na unauziwa gari lililofungwa mdomo.

6 Mei 2023: Kusoma kodi kwa kipande cha waya

Mashine ya fundi wa hapa ilikataa kuzungumza na gari (sababu iko chini, kwenye tarehe 27), kwa hiyo nimetumia njia ya zamani. Toyota za soko la Japani za miaka hiyo hutoa kodi, yaani namba ya kosa, kwa kupepesa taa. Chini ya usukani kuna tundu la pini 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa waya mfupi, kisha zungusha ufunguo hadi ON. Pini huhesabiwa safu ya juu 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16, upande mpana wa tundu ukiwa juu. Usikosee ukagusa ya 16, hiyo ina umeme wa betri muda wote. Taa za ABS na za mifuko ya hewa zinaweza kupepesa pia. Usishtuke.

Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Yangu ilipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara tano. Kodi 25: hewa imezidi mafuta. Kwenye mashine za kawaida hii ndiyo P0171.

Sasa nguvu ya hoja ya mzee inaweza kupimwa. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa kweli ni nyepesi. Lakini injini hii hupima hewa kwa sensa ya waya wa moto, ambayo inajua uzito wa hewa inayopita, si ujazo wake. Hewa ikipungua, kompyuta inapunguza mafuta. Hata kama ingekuwa haijui kitu, kosa la milimani lingekuwa mafuta kuzidi, na kodi yangu inalia kinyume chake. Milima imeachiwa huru. Uchakachuaji nao nimeupima kwa kujaza vituo tofauti, kimojawapo Makambako, na hakuna kilichobadilika. Imebaki pampu, na mengine ambayo kijiwe hakikuyataja.

13 Mei 2023: Usafi

Eya klina mpya, 15,000. Dawa ya kupulizia sensa ya hewa, 22,000. Sensa inashikiliwa na skrubu mbili juu ya bomba la hewa. Unaitoa, unapulizia vile vinyaya bila kuvigusa kwa kidole wala kitambaa, unaacha vikauke kabisa kabla ya kurudisha. Plagi nimezitoa na kuzitazama: ncha zimepauka, jambo linalokubaliana na hewa kuzidi. Hazijaisha, zimerudi mahali pake. Nimefuta kodi kwa kuchomoa waya hasi wa betri.

Taa imerudi kabla ya wiki kuisha, asubuhi tena.

20 Mei 2023: Oksijeni

Fundi kijana anayenihudumia aliniambia bila kusita, "Mwalimu, hiyo ni oksijeni. Kodi ya hewa ni oksijeni." Sensa ya mtumba imenunuliwa kwa 65,000, kufunga 10,000. Ya zamani ilitoka kwa shida baada ya kulowekwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha.

Matokeo: hakuna. Taa ilikaa kimya siku chache, kwa sababu kodi ilikuwa imefutwa, si kwa sababu ya sensa. Hapa ndipo pesa nyingi za wenye magari zinapopotelea, kwa hiyo nifafanue. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye ekzosi na kazi yake ni kunusa moshi na kutoa taarifa. Ikisema hewa imezidi, mara nyingi ni kwa sababu hewa imezidi. Mjumbe hauawi, lakini kwenye gereji zetu ndiye anayeanza kubadilishwa. Sensa ikifa yenyewe, kwa kawaida huwa na kodi yake, na kwa njia ya kupepesa ni 21.

Pia, kompyuta ya gari haiwashi taa mara ileile inapoona kasoro ya aina hii. Hujifunza kwanza, hujaribu kurekebisha, na ikishindwa ndipo inalalamika. Ndiyo maana kila aliyefuta kodi huonekana ametengeneza gari. Anapewa sifa, analipwa, na taa inarudi yeye akiwa na gari la mtu mwingine.

27 Mei 2023: Kifaa cha kusoma namba

Kabla ya kununua spea nyingine nimeamua kuona anachokiona kompyuta. Nimenunua kifaa cha ELM327 cha bluetooth, kinachochomekwa kwenye lile tundu la pini 16, 20,000, na kuweka programu ya Torque kwenye simu. Kimekataa kuunganika, kama ilivyokataa mashine ya fundi.

Spacio hii haikutengenezwa kwa soko la nje, na haitumii salamu ileile ambayo kifaa cha kawaida cha OBD2 (lugha ya pamoja ya magari na mashine za kupimia) hutoa kinapofungua mazungumzo. Inabidi umfundishe kifaa salamu ya kwake. Kwenye Torque fungua wasifu wa gari, shuka hadi sehemu ya mipangilio ya ziada, na kwenye nafasi ya amri za kuanzia andika:

ATIB 96 \n ATIIA 13 \n ATSH 8213F0 \n ATSP A4 \n ATSW 00

Nikaandika, kikakataa tena. Tatizo la pili ni kifaa chenyewe: vile vya bei ya chini vinavyojitangaza kuwa toleo la 2.1 mara nyingi vimepunguzwa amri, na hizo mbili za mwanzo ni miongoni mwa zinazokosekana. Nimepata kingine cha toleo la 1.5 kwa 45,000. Kimeunganika hapohapo. Cha kwanza kinafanya kazi kwenye gari la jirani lililotoka Uingereza, kwa hiyo si kibovu, ni kiziwi wa Kijapani tu.

3 Juni 2023: Namba za asubuhi na za mchana

Hii ndiyo siku ambayo mradi umepata mwelekeo, na haijagharimu kitu.

Namba zinazohitajika ni mbili. Trimu fupi ya mafuta ni kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta sasa hivi. Trimu ndefu ni kiasi ilichozoea kuongeza au kupunguza kwa muda. Zote ni asilimia, zinajumlishwa. Jumla ikiwa ndani ya kumi juu au chini ya sifuri, gari ni zima. Ikiwa juu sana ya sifuri, kompyuta inamimina mafuta ya ziada kufukuzana na hewa ambayo haikuipima.

Saa 12 asubuhi, injini ya baridi. Sekunde za mwanzo trimu fupi imekaa sifuri, kwa sababu oksijeni haijapata moto na kompyuta haijaanza kuisikiliza. Maji ya rejeta yalipofika nyuzi arobaini na kitu, ikaanza kupanda: fupi +20, ndefu +19, gari likiwa silensa. Karibu arobaini kwa jumla. Nikakanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikilia. Fupi ikashuka hadi +3. Nikaachia, ikarudi +20.

Mchana, injini ya moto, nyuzi 88: silensa fupi +2, ndefu +9. Karibu na uzima.

Sasa soma hizo namba na pampu akilini. Pampu dhaifu au filta iliyoziba hushindwa pale mafuta mengi yanapohitajika, yaani ukikanyaga, ukipanda mlima, ukibeba mzigo. Trimu ingepanda kwa mizunguko ya juu. Yangu inashuka. Sensa ya hewa chafu hudanganya zaidi hewa inapokuwa nyingi, kwa hiyo nayo ingeonekana kwenye mwendo. Kinachoharibu silensa na kupona kwenye mizunguko ya juu ni hewa ya wizi, tundu linaloingiza hewa baada ya sensa. Kwenye silensa injini inavuta hewa kidogo sana, na wizi mdogo unakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na wizi uleule unapotea ndani yake.

Pampu ya 150,000 haikununuliwa. Lakini kwa nini wizi ufanyike asubuhi tu?

17 Juni 2023: Moshi, Dar es Salaam

Shule zimefungwa, nimeshuka Dar kwa shughuli za familia na nimelipeleka gari gereji yenye mashine ya moshi. Wanaziba njia ya hewa, wanapuliza moshi ndani ya mfumo, na panapovuja moshi unatoka. Ni kipimo kizuri, pengine kuliko vyote kwa tatizo hili. 40,000.

Moshi haukutoka popote. Namba zao za trimu zilikuwa nzuri pia, na taa yenyewe ilikuwa imezima njiani, siku kadhaa bila kasoro. Fundi wa pale, mtu makini, alinirudishia ufunguo akasema, "Dada, gari lako zima. Labda waliokufanyia sevisi walikosea kufunga kitu, kikajikaza chenyewe." Kwa aliyoyaona hakukosea. Gari lilikuwa limeegeshwa juani Dar, injini imetoka kwenye foleni, kila kitu chini ya boneti kikiwa cha moto.

Nimerudi Njombe kwa barabara ya Iringa na Mafinga bila taa. Baada ya kulala nje usiku wa baridi, silensa ilianza kucheza tena, na taa ikafuata.

Kwa hiyo tundu lipo injini ikiwa ya baridi na halipo ikiwa ya moto. Anayetaka kulipima alipime likiwepo.

8 Julai 2023: Maji, alfajiri

Wengi hutafuta hewa ya wizi kwa kupulizia dawa ya kabureta au petroli kwenye viungo na kusikiliza injini. Inafanya kazi, na imeshachoma magari. Nimetumia maji ya bomba kwenye chupa ya kupulizia ya saluni. Maji hayaongezi mizunguko kama dawa, lakini yanaziba tundu kwa sekunde chache, na simu ikiwa mkononi unaona trimu ikishuka. Usipulizie koili wala viunganishi vya umeme.

Sensa ya joto la hewa ilisoma nyuzi 9. Mtoto wangu alishika simu akisoma trimu fupi kwa sauti, mimi na chupa.

Bomba kubwa la hewa kutoka eya klina, nimelipinda na kulipulizia kila mkunjo: +20, +21, +20. Shingo ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta): hakuna. Mpira wa hewa wa breki: hakuna. Mshono wa menifoldi (bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda) na silinda hedi, upande wa silinda ya kwanza: hakuna. Upande wa pili, kati ya silinda ya tatu na ya nne, kwa chini: injini ikakohoa, na mtoto akasema, "Mama, tisa. Saba. Tisa. Kumi na nane." Nikarudia palepale, ikashuka tena. Injini ilipofika nyuzi 75 nikapulizia mahali hapohapo. Namba haikutikisika.

Menifoldi ya 1ZZ ni ya plastiki, hedi ni ya alumini, na kati yake kuna gasketi ya raba iliyokaa kwenye mfereji. Raba ya miaka ishirini imekakamaa na kulala bapa. Injini ikiwa ya moto, raba na plastiki vinatanuka na mwanya unajifunga. Usiku vinasinyaa na mwanya unafunguka. Dar hapawahi kuwa na baridi ya kuufungua. Hapa mwezi wa saba unafunguka kila siku.

Fundi alipendekeza tukaze boliti kwanza. Tumekaza kwa kiasi. Namba zilipungua kidogo kisha zikarudi. Kukaza zaidi hakuna faida: ndani ya matundu ya boliti kuna vikombe vya chuma, na ukishafika hapo unabana chuma kwa chuma. Raba haibanwi zaidi, ila plastiki ndiyo inayopasuka.

22 Julai 2023: Gasketi isiyo yake

Nimeagiza gasketi Dar kwa simu, 30,000, ikaja kwa basi. Nimeiweka juu ya picha ya menifoldi na matundu hayalingani hata kwa kulazimisha. Muuzaji alisikia "Spacio new model" akaleta ya 1.5, yaani 1NZ-FE, ambayo ndiyo iliyojaa mjini. Anayeagiza asitaje jina la gari. Asome herufi za mwanzo za namba ya chasisi kwenye kibati kilichopo ndani ya boneti: ZZE ni ya 1ZZ, NZE ni ya 1NZ. Bora zaidi ampigie picha kibati chote.

Muuzaji alikubali kubadilisha. Nimeongeza 15,000 kwa kuwa hii ni ya kiwandani, na 12,000 ya gasketi ya throto. Usafiri wa basi kwenda na kurudi umefika 25,000.

8 Agosti 2023: Menifoldi imetoka

Sikukuu ya Nane Nane, shule imefungwa, fundi naye hakuwa na gari jingine. Tumeanza injini ikiwa ya baridi kabisa.

Kazi za kawaida: waya hasi wa betri, boksi la eya klina, kebo ya mafuta, viunganishi vya umeme (piga picha kila kimoja), bomba la hewa. Mipira miwili ya maji inapita kwenye throto. Tumeibana kwa plaizi badala ya kumwaga rejeta, na bado karibu lita moja imepotea. Maji mapya 8,000.

Kilichokula muda ni kishikizo cha chini cha menifoldi. Boliti zake hazionekani kutoka juu. Inabidi gari liinuliwe na kuwekwa kwenye stendi, mtu aingie chini na ekstensheni ndefu. Usijaribu kuivuta menifoldi kishikizo kikiwa kimefungwa, ni plastiki.

Kitu cha pili kilitokea bila kupangwa. Mpira wa hewa ya krankesi (tumbo la chini la injini), unaotoka kwenye valvu ya kifuniko cha injini kwenda menifoldi, ulikatika kama biskuti fundi alipougusa. Ulikuwa na umri wa gari. Madukani ilikuwa sikukuu, na tulichopata ni kipande cha mpira wa maji wa hadwea, 2,000, chenye kipenyo kilekile. Tumekifunga.

Gasketi ya zamani ilipotoka haikurudi kwenye umbo lake. Ukiibonyeza kwa ukucha, ukucha hauingii. Karibu na silinda ya nne kulikuwa na mstari mweusi wa vumbi ukivuka raba kutoka nje hadi ndani, njia yenyewe ya hewa. Mpya ni laini na inasimama juu ya mfereji wake. Tumeziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi, tukafuta nyuso kwa kitambaa na dawa ya breki. Msasa hapana, chembe zake zinaishia ndani ya silinda. Boliti zimekazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Fundi 40,000, na chai na maandazi visivyohesabiwa.

13 Agosti 2023: Bado

Baada ya kuchomoa betri trimu ndefu huanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo namba nzuri za siku ya kwanza sikuziamini. Leo zimetulia na zinashangaza. Asubuhi, injini ya baridi: fupi +2, ndefu +5. Safi. Mchana, injini ya moto, silensa: fupi +6, ndefu +14, na silensa inacheza.

Tatizo limegeuka. Lile la baridi limekwisha, limekuja la moto.

19 Agosti 2023: Mpira wa hadwea

Chupa ya saluni ilitosha tena, safari hii na injini ya moto. Mpira wa maji tuliofunga Nane Nane umeshindwa kazi. Hewa ya krankesi ina mvuke wa oili na joto, na mpira wa maji haukutengenezwa kwa lolote kati ya hayo. Ulikuwa umelainika kama ulimi, umenyonywa ukalala bapa katikati, na kwenye klipu ukachanika mdomo. Ukiwa wa baridi ulijifunga wenyewe.

Nimenunua mpira unaovumilia oili, wenye nyuzi ndani, na klempu mbili za skrubu, 9,000. Jioni, injini ya moto: fupi +1, ndefu +6 na inashuka.

30 Septemba 2023: Hesabu

Taa haijawaka tangu Agosti. Trimu ya asubuhi na ya mchana zimekaribiana: jumla haizidi sita wakati wowote niliosoma. Silensa imetulia tangu ufunguo unapozungushwa. Kuhusu ulaji wa mafuta sitatoa namba, kwa sababu ratiba yangu ya safari imebadilika na ulinganisho haungekuwa wa haki.

Jumla ya fedha zilizotoka ni shilingi 358,000. Zilizotibu gari ni 114,000: gasketi ya menifoldi 45,000, ya throto 12,000, mpira na klempu 9,000, maji ya rejeta 8,000, fundi 40,000. Usafiri wa basi ni 25,000, na ungekuwa nusu yake kama kibati kingepigwa picha mapema. Eya klina na dawa ya sensa, 37,000, vilikuwa vinadaiwa na sevisi hata hivyo. Moshi wa Dar, 40,000, siuweki kwenye hasara, kwa kuwa bila ile "gari lako zima" nisingeanza kufikiria joto. Mpira wa hadwea 2,000. Vifaa viwili vya kusoma, 65,000, na kimoja kinatumika kila wiki kwenye magari ya walimu wenzangu. Oksijeni, 75,000 pamoja na kufunga, hiyo ndiyo iliyokwenda bure.

Kama ningepangiwa upya kwa bajeti ndogo, ningenunua kifaa cha 1.5 kwanza, nisome trimu asubuhi na mchana, silensa na mizunguko 2,500, kabla ya kugusa spana yoyote. Trimu ikipanda kwenye mizunguko ya juu, hapo zungumza habari za pampu, na upimaji wake ni kwa geji ya presha (injini hii inataka takriban kPa 304 hadi 343), si kwa kubadilisha na kuombea.

15 Juni 2024: Msimu wa baridi

Kipimo halisi ni hiki. Gari limelala nje, vioo vina ukungu, sensa ya hewa inasoma nyuzi 7. Silensa baada ya oksijeni kupata moto: fupi +1, ndefu +4. Kodi hakuna, nimehakikisha kwa simu na kwa waya.

Gasketi ya kifuniko cha valvu imeanza kulowesha oili nyuma ya injini. Hiyo nitaiandikia shajara yake. Oksijeni ya zamani nimeirudisha mahali pake mwezi wa kumi na inafanya kazi kama kawaida. Ile ya mtumba iko kwenye boksi kabatini. Mwenye ZZE122 hapa Njombe ambaye gari lake linatoa kodi 21, si 25, aje aichukue.